Mguu Usiouma Kwenye Njia ya Mahujaji

Mto Minho hutenganisha Ureno na Hispania, na pale unapoingia katika Bahari ya Atlantiki ni mpana, wenye mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yakupwapo. Hapana daraja mahali hapo. Mahujaji waliotembea siku kadhaa kutoka jiji la Porto hufika katika mji mdogo wa Caminha, husubiri maji yajae, kisha huvushwa kwa mashua ya mota hadi upande wa A Guarda. Kuvuka ni kazi ya dakika chache. Hapana askari wa kugonga muhuri katika pasipoti, kwa kuwa ukaguzi wa mpakani uliondolewa mwaka 1995 nchi hizo mbili zilipoanza kutekeleza Mkataba wa Schengen. Kinachomjulisha msafiri kwamba amebadili nchi ni saa: ng'ambo ya pili ni saa moja mbele.

Njia hiyo huitwa Njia ya Kireno ya Pwani. Ni moja ya njia ziendazo Santiago de Compostela, katika jimbo la Galicia, ambako kwa mapokeo ya Wakatoliki limehifadhiwa kaburi la Mtume Yakobo. Kutoka Porto ni kilomita 280 hivi, nazo hutembewa kwa muda wa wiki mbili. Mwaka 2024 ofisi ya mahujaji ya Santiago iliandikisha watu karibu 499,000 waliowasili kwa njia zote, na kati yao zaidi ya 70,000 walipitia pwani hii. Wamo vijana, lakini wamo pia wengi waliokwisha kustaafu.

Pwani yenyewe huvutia na hudanganya. Upande wa Ureno njia hupita juu ya vichuguu vya mchanga kwa madaraja marefu ya mbao, bahari ikiwa mkono wa kushoto. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kaskazini humvumia usoni anayeelekea Hispania, nao huipoza ngozi hata asitambue kwamba jua linamchoma. Mtu mwenye ualbino, au anayemeza doksisaiklini ambayo huifanya ngozi iungue upesi, hulipia upepo huo jioni. Mijini, barabara zimesakafiwa kwa mawe madogo yasiyo sawa, na kila jiwe huupinda unyayo kwa namna yake. Ukishavuka mto huja miteremko, mizizi na misitu ya mikaratusi.

Zamani hujaji alibeba kila kitu mgongoni na kulala palipopatikana. Siku hizi wengi hujiunga na msafara wa kuongozwa. Kampuni huandaa vyumba, gari huchukua mizigo kutoka kituo hadi kituo, na kiongozi hutembea na kundi kilomita 15 hadi 25 kwa siku. Utaratibu huu umewafungulia mlango watu ambao miaka 40 iliyopita wangeambiwa wakae nyumbani: mwenye kisukari, mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewekewa nyonga ya bandia. Ni jambo jema. Kutembea ni tiba iliyothibitishwa kwa kisukari cha aina ya pili na kwa shinikizo la damu, na mtu anayeishi na ugonjwa wa kudumu ana haki ya kutamani jambo kubwa kuliko kumeza vidonge kwa wakati.

Lakini hakuna anayelazimika kumuuliza hujaji huyo habari za afya yake. Anayekwenda Makka hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na katika Uislamu uwezo ni sehemu ya masharti ya hija yenyewe. Anayekwenda Santiago hupewa kijitabu cha kugongewa mihuri, basi. Hata fomu ya kampuni ikiwa na nafasi ya kutaja maradhi, anayeijaza ni yule yule anayeogopa kukataliwa. Kiongozi anajua njia, hoteli na majira ya mashua. Si muuguzi, wala hapaswi kudhaniwa kuwa muuguzi. Kwa hiyo uchunguzi wa kweli hufanyika mapema zaidi, katika chumba cha kliniki nyumbani, iwapo mgonjwa atathubutu kusema kwamba anataka kwenda, na iwapo mhudumu atajizuia kusema hapana kabla hajauliza.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wasidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, watu hutembea kwenda Namugongo nchini Uganda kwa sikukuu ya Mashahidi, na baadhi yao huvuka mpaka kwa miguu wakitoka Kenya. Yanayosemwa hapa juu ya miguu yanawahusu wao pia.

Hospitali zilizozaliwa njiani

Hospitali nyingi za kale za Ulaya zilianzishwa kwa ajili ya watu wa namna hii. Neno lenyewe lilimaanisha nyumba ya wageni kabla halijamaanisha nyumba ya wagonjwa. Viana do Castelo, mji wa bandari ulio safari ya siku moja au mbili kabla ya kufika Caminha, bado una jengo liitwalo Hospitali ya Kale, la karne ya 15, lililowapokea mahujaji. Kule Santiago, Malkia Isabella na Mfalme Ferdinand waliagiza mwaka 1499 ijengwe Hospitali ya Kifalme kando ya kanisa kuu. Ujenzi ulianza mwaka 1501, na nyumba hiyo ikahudumia wasafiri na wagonjwa kwa karne nyingi. Tangu mwaka 1954 ni hoteli ya kifahari. Kitivo cha Tiba cha chuo kikuu cha mji huo kiko jirani yake, mtaa huo huo.

Historia hiyo ina kisa kinachostahili kukumbukwa na wakulima wa mahindi. Katika njia nyingine ya Santiago, ile itokayo Ufaransa, yapo magofu ya nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antoni karibu na Castrojeriz. Watawa hao waliwatunza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni, uliounguza viungo mpaka vikakauka na kukatika. Leo inajulikana kwamba chanzo kilikuwa kuvu aotaye katika nafaka ya rai, chakula cha maskini wa Ulaya kaskazini. Waandishi wa historia ya tiba hueleza kwamba mgonjwa alipoacha mkate wa kwao na kulishwa mkate wa ngano njiani, sumu ilipungua mwilini naye akapata nafuu. Hija ilimponya kwa kumbadilishia chakula. Anayehangaika na sumukuvu katika ghala la mahindi ataelewa upesi.

Viana ina pia kitu ambacho mhudumu wa afya asingependa kukipita. Gatini imefungwa Gil Eannes, meli ya hospitali iliyoundwa katika mji huo huo mwaka 1955. Iliwafuata wavuvi wa Kireno waliovua chewa katika maji ya baridi ya Newfoundland na Greenland, ikiwa na chumba cha upasuaji na wodi zake, na papo hapo ikiwabebea barua na vifaa. Safari zake zilikoma mwaka 1973, na nusura ikatwe vyuma chakavu. Tangu mwaka 1998 ni makumbusho. Mvuvi aliyejikata mkono maelfu ya kilomita kutoka kwao hakuweza kwenda hospitali, kwa hiyo hospitali ilimwendea.

Na katika makanisa ya njiani huonekana mara kwa mara sanamu ya Mtakatifu Roko. Amevaa kama hujaji, ana mbwa pembeni, naye ameinua vazi lake kuonyesha kidonda pajani. Watu walimwomba awaepushe na tauni. Kwa jicho la kliniki anafanya jambo ambalo wagonjwa wengi hawalifanyi: anaonyesha kidonda.

Ngozi, unyevu na mfupa

Malengelenge ndiyo adha kuu ya anayetembea mwendo mrefu, nayo hueleweka vibaya. Lengelenge halitokani na ngozi kusuguliwa juu juu tu. Katika kila hatua mfupa husogea mbele na nyuma ndani ya mguu, huku ngozi imeshikwa na soksi yenye unyevu. Matabaka ya ngozi huvutana, yakachoka, yakaachana, na maji yakajaa katika nafasi hiyo. Ndiyo maana soksi iliyolowa jasho ina madhara kuliko kiatu kigumu, na kubadilisha soksi katikati ya siku husaidia kuliko marhamu nyingi.

Mwenye hisia kamili huanza kuchechemea kabla lengelenge halijajaa. Huketi juu ya jiwe, huvua kiatu, hubandika plasta, hulalamika. Maumivu yamefanya kazi yake.

Sukari ikiwa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia kwenye ncha za vidole vya miguu na kupanda juu taratibu. Baadhi ya wagonjwa huhisi moto au sindano usiku. Wengine hawahisi chochote, nao hao ndio wa kuhofiwa. Mwenye mguu wa namna hii hatembei vibaya. Hutembea vizuri mno. Hukanyaga pale pale, kwa uzito ule ule, hatua 25,000 hadi 30,000 kwa siku ya kilomita 20, na jioni soksi ikivuliwa damu huonekana kabla ya mwenyewe kujua. Wahudumu waliofanya kazi na wenye ukoma wanalijua jambo hili kwa muda mrefu. Daktari Paul Brand, aliyewatibu nchini India na baadaye Marekani, alionyesha kwamba vidole vyao viliharibiwa na majeraha yasiyohisiwa, wala si kwamba nyama ilioza yenyewe; na mafunzo hayo yakahamishiwa kwenye mguu wa kisukari.

Kipimo cha kuujua mguu huo hakihitaji mashine. Kliniki yenye uzi wa nailoni wa gramu 10 huugusisha kwenye unyayo na kumuuliza mgonjwa aliyefumba macho kama amehisi. Pasipo uzi, ipo njia ambayo hata mwenzi wa chumbani anaweza kuifanya: mgonjwa hufumba macho, naye huguswa kwa wepesi sana, kwa ncha ya kidole na kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho cha kila mguu. Akikosa kuhisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, mguu wake umepoteza hisia ya kujilinda. Kugusa huko kusiwe kubonyeza, wala isirudiwe mara ya pili kwa huruma.

Zamani mtu wa namna hiyo aliambiwa asitembee. Miongozo ya sasa haisemi hivyo, mradi hana kidonda wazi. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari humruhusu mwenye hatari ndogo au ya kadiri kuongeza mwendo wake wa kila siku kidogo kidogo, kwa hatua 1,000 hivi, viatu vikiwa vinafaa na ngozi ikikaguliwa. Hesabu hiyo ipigwe mbele ya mgonjwa. Anayetembea hatua 5,000 kwa siku na anataka kufika hatua 25,000 hazungumzii wiki mbili za mazoezi kabla ya ndege. Anazungumzia miezi, na pengine anazungumzia kuchagua siku fupi, kilomita 10 kwa mguu na zilizobaki kwa gari la mizigo. Aliyewahi kupata kidonda kikapona yumo katika kundi jingine kabisa: karibu 40 kati ya kila 100 wa namna yake hupata kidonda tena ndani ya mwaka mmoja. Huyo huhitaji daktari wa miguu ya kisukari kabla ya kuhitaji wakala wa safari.

Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa kwa wiki kadhaa, vyenye nafasi mbele ya vidole, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kabla ya kuvivaa, mkono uingizwe ndani kutafuta kokoto au mshono uliokunjika. Soksi ziwe safi, zisizo na mshono mnene. Mtu asitembee pekupeku, hata kwenye mchanga laini wa ufuoni ambako wenzake wote wamevua, hata bafuni katika nyumba ya mahujaji. Kila jioni miguu ikaguliwe yote miwili, juu, chini na kati ya vidole. Mwenye macho yaliyoathiriwa na kisukari, au asiyeweza kuinama, hawezi kuifanya kazi hii peke yake, na hapo ndipo kundi linapokuwa na faida ambayo haimo katika tangazo la kampuni: kuna mtu mwingine wa kutazama. Mwenye kipimajoto cha ngozi anaweza kulinganisha sehemu ile ile ya miguu miwili. Tofauti ikizidi nyuzi 2.2 za Selsiasi kwa siku mbili mfululizo, mwendo upunguzwe na mguu uonyeshwe kwa mtaalamu, ingawa ngozi bado ni nzima.

Mahujaji wana desturi zao za kutibu malengelenge, na moja ni ya hatari. Hupenyeza sindano yenye uzi na kuuacha uzi ndani ili maji yatiririke usiku. Uzi huo ni daraja la vijidudu. Kwa mtu mwenye afya, lengelenge dogo huachwa, na kubwa linaloumiza hutobolewa pembeni kwa sindano safi, ngozi ya juu ikabaki kama bandeji. Kwa mwenye kisukari asiyehisi, lengelenge lolote ni jeraha la kuonyeshwa kwa muuguzi siku hiyo hiyo, na mguu huo haupaswi kubeba uzito wa mwili kesho yake.

Kituo kingine cha kuangaliwa ni Caldas de Reis, siku mbili kabla ya Santiago, mji wenye chemchemi za maji ya moto. Mahujaji huketi kandokando ya birika la mawe na kutumbukiza miguu wakicheka na kuugua kwa raha. Picha zake ni nzuri. Asiyehisi moto hapo huungua bila kujua, na mwenye lengelenge lililopasuka huingiza jeraha katika maji ya watu wote.

Dawa zisisafiri kwa gari

Faida kubwa ya msafara wa kuongozwa ni gari la mizigo. Kosa kubwa ni kuweka dawa ndani yake. Mwenye insulini anayebaki njiani kwa saa nane huku kalamu zake zimetangulia hotelini hana insulini, na hotelini zinaweza kufika zikiwa zimepikwa na jua kwenye kiti cha nyuma. Insulini iliyokwisha kufunguliwa huvumilia wiki nne hivi katika joto la kawaida la chumba, kulingana na aina yake. Haivumilii gari lililofungwa vioo juani. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zisizo na jokofu huihifadhi katika chungu cha udongo chenye unyevu, na mifuko ya kupozea inayouzwa kwa wasafiri hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo ya maji kukauka na kuchukua joto. Katika ndege, dawa ziwe mkononi.

Kutembea siku nzima hushusha sukari, na haikomi kushuka mtu akivua viatu. Misuli huendelea kuvuta glukosi usiku, kwa hiyo anayetumia insulini au glibenklamidi huweza kuamka alfajiri akitetemeka, jasho likimtoka, au asiamke vizuri. Metformini peke yake mara chache husababisha hali hiyo. Kipimo cha dawa kwa siku za mwendo kipangwe na daktari mapema, kisijaribiwe kwa mara ya kwanza katika kijiji cha ugenini. Mfukoni viwepo vijiko vitatu au vinne vya sukari, au juisi ya kiasi hicho, vya kutumia dalili zinapoanza, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Divai inayopatikana kila mezani katika nchi hizo huongeza hatari usiku, hasa ikinywewa bila chakula cha kutosha.

Kwa mwenye shinikizo la damu hatari ni ya namna nyingine. Jasho na dawa za kuongeza mkojo hukausha mwili pamoja. Mtu huyo akiwa anatumia pia enalaprili au losatani, kisha mwenzake akamgawia ibuprofeni au diklofenaki kwa ajili ya goti, figo zake hushambuliwa kutoka pande tatu. Vidonge hivyo hugawanwa njiani kama karanga. Parasetamoli na siku moja ya mapumziko humfaa zaidi. Mwenye selimundu naye asikae na kiu wala asijitose katika Atlantiki, ambayo ni baridi hata kiangazi.

Kuhusu mpaka, yapo mambo machache. Saa inayobadilika mtoni haisumbui dawa yoyote ya kawaida. Anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI saa mbili usiku huko Caminha anaweza kuzimeza saa tatu usiku huko A Guarda bila wasiwasi, au akarudi kwenye saa mbili. Jina la kibiashara la dawa ndilo linaloweza kubadilika ng'ambo ya mto, kwa hiyo cheti kiandikwe jina halisi la dawa pamoja na kipimo chake. Mofini na dawa nyingine zinazodhibitiwa huhitaji hati rasmi, na hiyo haipatikani kwa siku moja. Wasafiri wa Afrika Mashariki wanaoomba viza ya Schengen hutakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, nayo hufanya kazi pande zote mbili. Yafaa kusoma kama inayakubali maradhi yaliyokuwepo kabla ya safari. Simu ya dharura ni 112 katika nchi zote mbili. Maduka ya dawa yana alama ya msalaba wa kijani.

Mahali pa kusimama

Baada ya Vigo, mji mkubwa kuliko yote ya Galicia, njia huingia Redondela na kukutana na njia nyingine ya Kireno itokayo bara. Mbele ya Redondela, ndani ya ghuba, kipo kisiwa cha San Simón. Katika karne ya 19 kilikuwa karantini ya meli zilizotoka ng'ambo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania kikawa gereza. Wazanzibari watakumbuka Changuu, ambacho mambo yake yalikwenda kinyume: kilijengewa gereza, kikaishia kuwa karantini. Na neno gereza lenyewe lilitoka kwa Wareno, katika neno lao la kanisa, igreja, ambalo hujaji amelisoma katika vibao tangu Porto.

Karibu na hapo ndipo panapoanza shida isiyozungumzwa. Ili mtu apewe cheti cha Santiago ni lazima awe ametembea angalau kilomita 100, na kutoka Vigo ndizo hizo. Aliyekwishatembea siku tisa na sasa ana jeraha chini ya kidole gumba huona cheti kinamwita. Kundi lina vyumba vilivyolipiwa huko Pontevedra, Caldas de Reis na Padrón. Ndege yake ya kurudi ina tarehe. Mguu hauumi. Wenzake, kwa wema kabisa, humwambia zimebaki siku nne tu. Kiongozi hana neno, kwa sababu hakuambiwa. Katika siku nne, hatua 25,000 kila siku, jeraha la ngozi laweza kufika kwenye mfupa, na mfupa ulioambukizwa ni habari ya kukatwa kidole, au mguu.

Uamuzi wa kusimama hauwezi kuachiwa siku hiyo. Ufanywe kliniki, miezi kabla, na uandikwe. Mhudumu akubaliane na mgonjwa juu ya mambo yatakayositisha mwendo pasipo mjadala: ngozi iliyofunguka mahali popote kwenye mguu, uwekundu unaopanda, kidole kilichobadilika rangi, uvimbe wenye joto katika mguu mmoja, homa, sukari isiyoshuka, maumivu ya kifua. Karatasi hiyo apewe mtu mmoja ndani ya kundi, kwa ridhaa ya mgonjwa, pamoja na ruhusa ya kutazama miguu yake kila jioni na kumwambia kiongozi. Kiongozi hahitaji kujua faili lote. Anahitaji kujua kwamba mtu huyu akiambiwa asimame, atasimama. Mgonjwa anayekataa mtu yeyote asitazame miguu yake amekwishatoa jibu juu ya uwezo wake wa kwenda.

Katika mazungumzo hayo aambiwe pia jambo ambalo wengi hawalijui. Ofisi ya mahujaji haidai kwamba safari ifanywe mfululizo. Huruhusu itembewe kwa vipande, mradi vifuatane kwa mahali na kwa tarehe, na mihuri ionyeshe kwamba mtu alianza tena pale alipokomea. Ratiba inayombana ni ya kampuni na ya ndege. Aliyesimama Redondela hugongesha muhuri wa siku hiyo, hupanda treni fupi ya kurudi Vigo kwenye hospitali, na kidonda kikipona, na daktari wake akikubali, siku nyingine hushuka tena katika stesheni ile ile, huomba muhuri mpya wenye tarehe, na kuendelea kaskazini.